Wameitika Wangapi

Mjinga siku ile alikuwa Yotham, na tuanze na hilo ili lisije likatusumbua mbele ya safari. Wapo waliotaka kumgawia ujinga huo Bartolomeo, karani wa skimu ya mpunga ya Majimoto, kwa sababu ya mwandiko wake. Wengine walimtupia mwenyekiti. Yotham mwenyewe anakataa kugawana na mtu. Anasema ujinga ule ulikuwa wake mzima, na aliufanya kwa sauti kubwa, kwenye kibanda chake cha kompyuta pale Makanyagio, mjini Mpanda, saa nne asubuhi, mbele ya wateja watatu na mashine ya fotokopi.

Simu iliita. Alikuwa mama yake, Nyanzala, kutoka Majimoto. Yotham akaiweka spika, maana mikono yake ilikuwa inakata picha za pasipoti, na pia, tuseme ukweli, maana alipenda wateja wasikie jinsi watu wa Majimoto wanavyomtegemea.

“Yotham, kuna maksai kwenye jaruba langu.”

“Maksai wa nani, mayu?”

“Wa Kashinje. Anakatua tangu jana. Nimemuuliza, ananiambia mwaka huu si langu tena. Anasema jina langu halipo kwenye karatasi ya mlangoni.”

Yotham akacheka. Karatasi hiyo iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya skimu ilikuwa imetoka kwenye mfumo alioutengeneza yeye. Kila Oktoba wanachama wa skimu ya mpunga hutakiwa kuhakiki kwamba watalima. Asiyehakiki, jaruba lake hupewa mwingine aliyeomba. Zamani watu walipanga foleni siku mbili mbele ya Bartolomeo na daftari lake. Mwaka huu waliingia kwenye tovuti ya Yotham, au wakaomba mtoto wa jirani awaingizie: unaandika jina, unabonyeza, unatokea mstari wa kijani, na simu yako inapokea ujumbe wa pongezi. Mwenyekiti wa skimu, mzee Leodgar, alimlipa Yotham magunia sita ya mpunga na akamsifia mpaka kanisani.

“Mama, wewe umehakikiwa. Nilikuhakiki mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Ikatoka kijani.”

“Kijani sijakiona. Ninachoona ni udongo mweusi unageuzwa.”

“Basi rudi ofisini, waambie waangalie vizuri. Kompyuta haikosei, mama. Watu ndio wanakosea.”

Mteja mmoja alitikisa kichwa kwa heshima, kama aliyesikia neno la kuandika ukutani. Kwenye simu kulisikika mtu akiswaga maksai, mjeledi ukalia mara mbili.

“Haya, baba,” Nyanzala alisema taratibu, akakata.

Specioza, mke wa Yotham, alikuwa kwenye cherehani yake pale pale kibandani, upande wa dirishani, anashona sare za shule. Aliinua mguu kwenye pedali.

“Baba Jeni, hebu mtafute.”

“Nimtafute nani?”

“Mama. Kwenye huo mfumo wako.”

“Nimeshasema nilimhakiki.”

“Nimesikia ulivyosema. Hata kule Sitalike wamesikia. Sasa mtafute.”

Yotham akafungua jedwali la wanachama ili ampe mkewe aibu. Akaandika Nyanzala. Jedwali likamjibu kwamba mtu huyo halimjui. Akafuta herufi mbili za mwisho, akatafuta tena, na hapo mama yake akatokea, na mbele ya jina lake pameandikwa: hajahakiki. Ila jina lenyewe halikuwa Nyanzala. Lilikuwa Nyanzara.

Bartolomeo, aliyenakili daftari la zamani kuliingiza kwenye mfumo, ni Mpimbwe wa Majimoto pale pale, na kwake L na R ni watoto wa tumbo moja: aliye karibu ndiye anayetumwa. Wala tusimcheke. Nani huku kwetu hajawahi kualikwa kwenda kupiga kula siku ya uchaguzi? Mwanzoni Yotham alitaka kila mwanachama apewe namba, lakini wazee walikataa katakata. “Namba wanavaa ng’ombe, kwenye hereni,” walisema. “Sisi tuna majina.” Kwa hiyo mfumo ulimtafuta mtu kwa jina lake, herufi kwa herufi.

“Umeona?” Yotham alisema. “Kosa la mwandiko tu. Ngoja nimhakiki tena.”

Akafungua ukurasa wa wanachama, akaandika Nyanzala Mwandu, akabonyeza. Kijani. *Hongera, Nyanzala Mwandu! Umehakikiwa kwa msimu huu.* Akarudi kwenye jedwali. Nyanzara Mwandu: hajahakiki.

Specioza alikuwa ameshafika nyuma yake, tepu ya kupimia shingoni.

“Sasa hapo inampongeza nani?”

Specioza akainama, akaivuta kibodi, akaandika kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetunga sindano. Akabonyeza.

*Hongera, Kuku Mweupe! Umehakikiwa kwa msimu huu.*

Mteja wa picha za pasipoti aliinua mkono.

“Naombeni na mimi mnihakiki,” alisema. “Sina hata shamba.”

* * *

Kwa wasiojua kazi ya Yotham, ugonjwa ulikuwa huu. Programu yake ilituma amri kwenye kanzidata, pale majina yote yanapotunzwa: mtafute mwenye jina hili, mstari wake ubadilishe uwe amehakiki. Amri ikienda na kurudi bila kugombana na mtu, programu ilipiga makofi na kutuma pongezi. Haikuuliza amri ile imebadilisha mistari mingapi. Na kanzidata haina haya. Ukiituma ibadilishe ikakosa wa kubadilisha, inarudi ikiwa imetulia, kazi imekwisha, imebadilisha sifuri. Jibu inalo, imelishika mkononi. Inasubiri kuulizwa tu.

“Kuuliza kunahitaji nini?” Specioza alimuuliza, wateja walipoondoka.

“Mstari mmoja wa programu.”

“Mmoja?”

“Mmoja.”

Alirudi kwenye cherehani akakaa, lakini hakushona.

Yotham alichukua orodha ya ujumbe wote wa pongezi uliotumwa Oktoba, akatoa waliorudia, akatoa Kuku Mweupe. Watu mia mbili kumi na wanne walipongezwa. Kisha akahesabu mistari iliyobadilika kweli kweli kwenye jedwali. Mia moja themanini na mitatu. Alihesabu tena akiwa amesimama, kana kwamba kukaa ndiko kulikomkosesha. Watu thelathini na mmoja waliambiwa hongera, wakalala usingizi wao, na majaruba yao yakagawiwa.

Akampigia mzee Leodgar. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si tabia yake.

“Sasa kinachokusumbua ni nini?” alisema hatimaye. “Wewe si ndiye mwenye funguo? Mrudishe mama yako kwenye orodha, mimi nitazungumza na Kashinje. Yamekwisha.”

“Na thelathini waliobaki, mwenyekiti?”

“Hao watajifunza. Mwakani wataandika majina yao vizuri.”

“Majina yao waliyaandika vizuri. Sisi ndio tuliowaandika vibaya.”

“Yotham, nisikilize kijana wangu. Jumamosi nina mkutano, na nina mgeni. Katibu wa skimu ya jirani anakuja kuuona mfumo. Wakiupenda, kazi ni yako tena, na hawa wana wanachama mara mbili yetu. Nimeshaagiza mbuzi. Usinivue nguo mbele ya wageni.”

Alipokata simu, Yotham alifungua mstari wa mama yake kwenye jedwali. Ilikuwa kazi ya sekunde: afute R, aweke L, aandike amehakiki. Hakuna ambaye angejua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na tusimwonee, hata wewe kidole chako kingekuwa pale pale. Jaruba lile ndilo linalomlisha mama yake mwaka mzima, na ndilo lililonunua kompyuta ya kwanza aliyojifunzia.

“Bonyeza,” Specioza alisema bila kugeuka. “Ukimaliza na mama, Kuku Mweupe naye umtafutie jaruba. Huyo naye ulimpongeza.”

Yotham akatoa kidole.

“Kesho tunafunga,” alisema. “Tunakwenda Majimoto.”

“Nikasikilize unavyochekwa?”

“Ndiyo.”

“Basi ngoja nimalizie hii sare, nivae vizuri.”

* * *

Ijumaa mchana walishuka Majimoto wakiwa na vumbi la Kibaoni nyweleni na alama za mbung’o shingoni. Nyanzala alikuwa uani, anageuza mbegu za mpunga ndani ya gunia bichi. Alikuwa ameziloweka kabla ya kujua lolote, na sasa zilikuwa zimeanza kutoa vimea vyeupe. Mbegu ikishafika hapo haisubiri kikao. Inataka kitalu ndani ya siku mbili tatu, la sivyo ni ya kuku.

Aliwapokea mizigo, akawapa maji ya kunawa, akawauliza habari za Jeniffer shuleni, habari za wateja, habari za paa linalovuja. La jaruba hakuligusa mpaka walipomaliza kula.

“Nilirudi ofisini kama ulivyoniambia,” alisema. “Nikawaambia, mwanangu anasema kompyuta haikosei. Wakacheka. Bartolomeo akaniambia, Mama Yotham, kompyuta haijakosea, imekukataa tu. Kule kisimani nako nimekuta wimbo: aliyemfuta Nyanzala ni mtoto wake.” Akafuta mikono kwenye kitenge. “Mimi si ndiye niliyewatangazia kwamba mfumo huo umetoka tumboni mwangu? Haya, wamenirudishia.”

Yotham alitazama chini. Specioza akamgusa kwa kiwiko, si kwa upole.

“Mama, nimekosea mimi,” Yotham alisema. “Si Bartolomeo. Yeye aliandika R. Watu wanakosea herufi kila siku. Mimi ndiye niliyetengeneza kitu kinachosema ndiyo hata pale ambapo hakikufanya kitu.”

“Kinasemaje ndiyo kama hakikufanya kitu?”

“Nilikituma kikakuite. Kikaita Nyanzala, hakuna aliyeitika, kikarudi. Nikakiuliza umeita? Kikasema nimeita. Nikaridhika.”

Nyanzala alifikiri.

“Hata mtoto wa miaka sita ukimtuma kwa jirani, akirudi unamuuliza kama amemkuta mtu.”

“Ndiyo, mama.”

“Na shule ulimaliza.”

“Nilimaliza, mama.”

Specioza alizibia kicheko chake kwenye kanga. Nyanzala hakucheka, bado alikuwa na swali.

“Wako wangapi kama mimi?”

“Thelathini na mmoja, na wewe ukiwemo. Dorotea mjane wa hapo nyuma naye yumo. Wamemwandika Dolotea. Mwenyekiti anasema nikurudishe wewe kimya kimya, hao wengine mpaka mwakani.”

“Unaweza?”

“Hata sasa hivi. Kwa simu hii.”

Mama akalitazama gunia la mbegu, kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Yotham. Narudia kwamba mbegu zilikuwa zimeota, na mwanamke yule hakuwa na shamba jingine.

“Dorotea anapita kwenye kingo za jaruba langu kila asubuhi,” alisema. “Mwaka huu apite nikiwa nimeinama napandikiza, yeye jembe begani hana pa kulishusha. Nimsalimieje? Niseme habari za asubuhi, mwanangu alinikumbuka mimi?” Akafunga mdomo wa gunia kwa nguvu. “Jaruba la mlango wa nyuma silitaka. Kesho ni mkutano. Utasimama. Kama ni kutucheka, watucheke wakiwa wamekaa wote pamoja, tumalize siku moja.”

* * *

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la mpunga, watu wamekalia magunia matupu na mabenchi ya kuazima. Mzee Leodgar alikuwa amevaa koti. Kando yake alikaa mgeni, Romana, katibu wa skimu ya jirani, mama mfupi mwenye kalamu mbili na uso usioonyesha kama amependa au amechukia. Kashinje, ambaye jaruba lake limepakana na la Nyanzala kwa miaka tisa, alikuwa benchi la mbele, kofia pana magotini.

Leodgar aliusifu mfumo kwa dakika kumi. Alisema zama za foleni zimekwisha, kwamba Majimoto sasa inakimbizana na dunia, na kwamba kijana wetu atatueleza kwa ufupi, na neno ufupi akalitia mkazo kwa macho, jinsi unavyofanya kazi.

Yotham akasimama. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

“Ndugu zangu, mfumo wangu umewadanganya watu thelathini na mmoja humu ndani.”

Mwenyekiti akashusha macho kwenye viatu vyake.

“Haukujifundisha wenyewe kudanganya. Nimeufundisha mimi. Bartolomeo, kaka, naomba uchukue daftari lako, usimame mlangoni, umuite mama yangu kama ulivyomwandika.”

Bartolomeo alisita, akamtazama mwenyekiti, hakupata msaada. Akasimama mlangoni akakohoa.

“Nyanzara Mwandu!”

Nyanzala alikaa kimya, mikono mapajani.

“Nyanzara Mwandu!”

“Mama, mbona unaitwa,” mtu alisema nyuma yake.

“Huyo simjui,” Nyanzala alijibu. “Labda hajafika.”

Watu wakacheka mpaka vumbi la pumba likanyanyuka. Yotham alisubiri.

“Bartolomeo, umeita?”

“Si umesikia? Nimeita mara mbili.”

“Kazi uliyotumwa umeifanya?”

“Nimeifanya.”

“Basi hongera. Mhakikiwa wetu amehakikiwa.” Akawageukia watu. “Hivyo ndivyo nilivyowafanyia. Mfumo ulitumwa kuita, ukaita, ukarudi, nikaupigia makofi na kuwatumia ujumbe. Sikuuliza wameitika wangapi. Ni swali la mstari mmoja, na mimi sikuliandika. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.”

Kisha akasoma majina yote thelathini na moja, kila moja kwanza lilivyo kwenye daftari, halafu lilivyo kinywani mwa mwenyewe. Lozaria, Rozalia. Marare, Malale. Dolotea, Dorotea. Kila jina lilipotoka sawasawa, mwenyewe alisimama, na mwanzoni watu walicheka, lakini walipofika kumi na tano wamesimama kicheko kilikuwa kimekauka, maana sasa walikuwa wanaona ni watu wa namna gani walioachwa bila shamba. Nyanzala alisimama wa mwisho.

Yotham akafungua kompyuta yake juu ya meza ya mzani, akaandika mstari ule mbele yao. Bartolomeo alikuwa anachungulia begani, akisoma kwa sauti kila kinachotokea, kama anayetangaza mpira. Yotham akamwomba mkewe ajaribu. Specioza akapita katikati ya watu, amevaa gauni lake la kwenda kanisani, akaandika kwa vidole vyake viwili.

“Kuku Mweupe,” Bartolomeo alisoma. “Anabonyeza. Nyekundu! Inasema: Hakuna aliyeitika kwa jina hili. Mistari iliyobadilika, sifuri. Tafadhali fika ofisini.”

“Safi, amenyimwa!” mtu akapiga kelele, na ghala likapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyomfanya mzee Leodgar ainue kichwa.

Mgeni akainua kalamu.

“Na wakiitika wawili?”

Yotham akausoma tena mstari aliouandika.

“Akina Kulwa Malale hapa mko wangapi?” Romana aliuliza, kidole kikiwa kwenye daftari la Bartolomeo, akiligeukia ghala. Mikono miwili ikanyanyuka, mmoja pembe hii, mmoja pembe ile. “Huyu akijihakiki, si na yule anahakikiwa huko aliko, hata kama alishahamia Ikola kukausha dagaa?”

“Hilo sikuliwaza, dada.”

“Liwaze sasa. Mimi sina haraka.”

Ikabidi aliwaze pale pale, watu mia mbili wakimtazama mgongo. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Sifuri, hapana. Wawili, hapana, rudisha kila kitu kilivyokuwa, njoo ofisini. Mmoja tu ndiye hongera. Kulwa wa kwanza akajaribiwa, mfumo ukamkatalia na kumweleza sababu, naye akafurahi kukataliwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Romana akaandika kitu kwenye daftari lake kwa kalamu ya pili. Uso haukuonyesha.

* * *

“Sasa majaruba,” Dorotea alisema. “Kompyuta tumeiona. Mimi nitapanda wapi?”

Mzee Leodgar akasimama, akavua koti, akalikunja. Ni mtu wa maneno mengi, lakini si mtu mbaya, na alikuwa ameshaona upepo wa ghala unakoelekea.

“Karatasi ya mlangoni ilikosea,” alisema. “Naibandua. Waliopewa majaruba ya hawa watu, mnasemaje? Kila mtu anajua alilopewa ni la nani.”

Hilo ndilo lililokuwa kweli. Walianza kusimama mmoja mmoja, wengine kwa moyo, wengine wakinung’unika kuhusu mbolea na vibarua, wakisema wanaachia. Aliyepewa la Dorotea aliachia. Aliyepewa la Rozalia aliachia akiomba arudishiwe miche yake, akakubaliwa. Wakafika thelathini. Kashinje hakusogea.

“Mimi siachii,” alisema. “Nimekatua siku mbili.”

“Siku zako mbili nitazirudisha,” Yotham alisema. “Nitakodi maksai, uoneshe pa kukatua, siku mbili kamili.”

“Maksai ninao, kijana, zaidi ya mashati yako. Mimi nilisoma karatasi. Karatasi haikuwa na jina la Nyanzala. Ningejuaje?”

“Kashinje,” Nyanzala aliita. Hakuwa amekaa tangu jina lake lisomwe. “Ule ujumbe wa hongera, nilisomewa na nani?”

Kashinje akageuza kofia magotini.

“Mimi sijui kusoma,” Nyanzala aliwaambia wote. “Simu ililia nikiwa shambani. Nikavuka kingo nikampelekea jirani yangu. Akanisomea, neno kwa neno, akanipa mkono. Akasema hongera jirani, msimu huu tena tuko wote.”

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi mdogo. Romana aliweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. Kashinje akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna pa kupitia, akaamua kucheka.

“Haya, nilisoma. Lakini tuseme ukweli, mama. Aliyekufuta si mimi, ni huyo uliyemzaa. Amesimama mbele ya mgeni, mbele ya Majimoto nzima, anatangaza alivyoharibu, na akaulizwa swali la pili akaharibu tena. Angekuwa wangu ningejifunika uso kwa shuka. Wewe tangu asubuhi unang’aa kama mama wa bwana harusi. Hebu tuambie na sisi, hapo unajivunia nini?”

“Kosa lake amelisema akiwa amesimama, Kashinje. La kwako bado umelikalia.”